Petroli ya Motokaa Ndogo na Hesabu Zake katika Bonde la Kilombero

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Ifakara)



Halmashauri ya chama chetu ilinitaka niseme nanyi jioni hii juu ya jambo lo lote lenye faida kwa makarani, nami nimechagua petroli. Najua wako waliotazamia habari ya mishahara au ya likizo, wala sitawalaumu wakisinzia. Lakini wengi wetu miaka hii tumekopa fedha tupate kununua motokaa ndogo, zile zitokazo Japani zikiwa zimekwisha tumiwa: Vitz, Passo, IST, Starlet na ndugu zao. Na wale wasio na motokaa ndio waandikao vitabu vya safari za motokaa za ofisi na kuvitia sahihi. Kwa hiyo hapana mtu humu ambaye jambo hili halimgusi, ama mfukoni ama kwenye kalamu. Mimi lilinigusa kwenye kalamu kwanza, nami nitaanza hapo, ijapokuwa si habari ya kunipatia sifa.

Mwaka 2015 nilikuwa karani kijana katika ofisi moja ya bonde hili, ambayo sitaitaja jina. Ofisi ile ilikuwa na motokaa moja ndogo ya kuchukulia barua, karatasi za malipo na watu wawili watatu. Dereva wake alikuwa mtu mzima, mwenye umri wa baba yangu, mpole, asiyesema sana. Mwisho wa mwezi wa Aprili niliambiwa nitazame kitabu cha safari, kwa sababu petroli ilionekana kupita kiasi. Nikafurahi kupewa kazi ya namna ile, maana nilikuwa mwepesi wa hesabu na nilipenda watu wajue.

Kitabu kilionyesha kilomita 1,200 kwa mwezi. Nusu yake, yaani kilomita 600, zilikuwa za njia njema, upande wa Kidatu na Mikumi. Na nusu ya pili zilikuwa za ng'ambo ya mto, Lupiro na Malinyi, wakati wa masika. Petroli iliyotolewa ilikuwa lita 114. Nikatafuta karatasi ya watengenezaji nikaona imeandikwa kilomita 18 kwa lita moja. Nikagawanya: 1,200 kwa 18 ni lita 66 na kitu. Basi, kwa hesabu ile, dereva alikuwa ameiba lita 47! Karani mkuu wangu, ambaye alikuwa na akili kuliko mimi, alicheka akasema hakuna motokaa ifanyayo 18 katika nchi hii, nenda ukaulize fundi. Nikaenda. Fundi akaniambia, bila ya kufikiri sana, motokaa ile hufanya kilomita 16 katika njia njema na 8 katika matope.

Nikarudi nikaandika: 16 na 8 ni 24, ukigawa kwa mbili ni 12. Wastani ni kilomita 12 kwa lita. Kilomita 1,200 kwa 12 ni lita 100 kamili. Zimetumika 114. Upungufu ni lita 14, nao kwa bei ya siku zile ulikuwa kama shilingi 30,000 hivi. Nikapiga taipu barua nzuri, yenye aya zilizotiwa nambari, nikaipeleka. Dereva aliitwa akaulizwa. Alisema neno moja tu, tena akiniambia mimi: "Mwanangu karani, wewe Malinyi ulikwenda lini?" Sikujibu, kwa kuwa sikuwa nimekwenda kamwe. Fedha ile ikakatwa katika mshahara wake, na jina lake likaandikwa katika faili. Kabla ya mwaka kwisha aliacha kazi.

Sasa, mabwana, ninawaombeni mtoe kalamu zenu. Kilomita 600 kwa motokaa ifanyayo 16 kwa lita ni lita 37 na nusu. Kilomita 600 kwa motokaa ifanyayo 8 kwa lita ni lita 75. Jumlisheni. Ni lita 112 na nusu. Wala si 100. Kwa maneno mengine, kwa hesabu zile zile za fundi, dereva alikuwa na haki ya lita 112 na nusu, nami nilimnyima lita 12 na nusu kwa sababu sikujua kutafuta wastani. Motokaa ile ilifanya kilomita 10 na theluthi mbili hivi kwa lita, si 12. Kosa langu lilikuwa hili: nilichanganya kipimo cha mwendo kwa lita kama kwamba lita zilizotumika pande zote mbili ni sawa, kumbe kilomita ndizo zilizokuwa sawa, na upande wa matope ulikunywa mara mbili. Tungelikuwa na desturi ya watu wa Ulaya bara, ambao huhesabu lita kwa kila kilomita 100, kosa lile lisingaliweza kutokea: lita 6 na robo upande mmoja, lita 12 na nusu upande wa pili, wastani 9 na kitu, na mambo yamekwisha. Nawasihi makarani wenzangu waandikao vitabu vya safari wafuate desturi hiyo. Kilomita kwa lita hupendeza kutaja barazani, lakini si kipimo cha kumhukumia mtu.

Na lita moja na nusu iliyobaki je? Nitaifikia.

Kwanza nataka kuieleza ile 18 ya karatasi, kwa maana ndiyo iliyowaponza wengi wanaonunua. Namba ile si uongo mtupu, ila ni kweli ya mahali pengine. Motokaa nyingi tulizo nazo zilipimwa Japani kwa kanuni iitwayo 10-15, iliyoanza mwaka 1991. Motokaa huwekwa juu ya magurudumu ya chuma ndani ya nyumba, haiendi po pote. Injini huwa imekwisha pata moto. Huendeshwa na mtu aliyefundishwa, kwa muda wa dakika 11, mwendo wa kilomita 4 na kidogo tu. Mwendo wake mkubwa kabisa ni kilomita 70 kwa saa, na wastani wake haufiki 23. Kipoza hewa kimezimwa. Hakuna mwanamke mwenye mtoto kiti cha nyuma, wala kuku, wala gunia la mchele. Baadaye Wajapani wenyewe waliona kipimo kile ni kirahisi mno, wakaleta kingine kiitwacho JC08, na kutoka mwaka 2018 wakaanza kufuata kile cha mataifa, WLTC, kilicho kigumu zaidi. Lakini motokaa zetu ni za zamani, na karatasi zake ni za kipimo kile cha kwanza.

Wala si Japani peke yake. Huko Ulaya wachunguzi wa ICCT walilinganisha petroli iliyotajwa na watengenezaji na ile iliyotumika kweli mikononi mwa wenye motokaa. Mwaka 2001 tofauti ilikuwa yapata 9 kwa mia. Mwaka 2015 ilikuwa imekua mpaka yapata 42 kwa mia. Motokaa hazikuharibika kwa kadiri ile. Watengenezaji walizidi kuwa hodari wa mtihani, kama mwanafunzi anayekariri majibu. Na wengine walivuka mpaka. Mwezi wa Aprili 2016 kampuni ya Mitsubishi ilikiri kwamba hesabu za petroli za motokaa ndogo 625,000 hazikuwa sahihi, na ya kwamba njia ya kupima isiyofuata sheria ilikuwa imetumika tangu 1991. Aliyeligundua jambo hilo ni Nissan, ambao motokaa nyingi katika hizo ziliuzwa kwa jina lao: walizipima wenyewe, wakaona namba hazikubaliani. Hapo nilipoisoma habari ile katika gazeti ndipo nilipoanza kuikumbuka barua yangu ya taipu, nikatoa karatasi na kuihesabu upya. Ulikuwa umepita mwaka mmoja. Usiku ule sikulala vema.

Basi tuitazame njia yetu. Katika nguvu iliyomo ndani ya lita moja ya petroli, yapata robo tu ndiyo ifikayo kwenye magurudumu. Iliyobaki hupotea kwa joto. Robo ile ina wadai watatu: upepo, uzito, na ardhi.

Ardhi ndiyo mdai mkubwa hapa kwetu. Gurudumu juu ya lami huzunguka kwa shida ndogo. Juu ya mchanga tifutifu au matope shida ile yaweza kuwa mara kumi na zaidi, maana gurudumu kila saa linapanda kutoka katika shimo linalolichimba lenyewe. Tena mtu akikwama hukanyaga mafuta, injini ikanguruma, kipimo cha kilomita kikahesabu magurudumu yanayozunguka bure au kisihesabu kitu, na petroli ikaisha pale pale. Aliyepita Minepa mwezi wa nne miaka ile anajua nisemavyo. Na ajabu ni kwamba upungufu wa upepo katika mipira hufanya kazi hiyo hiyo ya matope hata katika lami, kidogo kidogo, bila ya mtu kuona. Wengi wetu hatupimi mipira mpaka ikalale chini.

Uzito ni deni tunalojitwisha wenyewe. Motokaa hizi zina uzito wa kilo 900 mpaka 1,000 na kidogo. Watu wazima watano na magunia mawili ya mchele wa Kilombero ni zaidi ya kilo 500, yaani nusu ya motokaa nyingine juu ya motokaa. Sisemi tusichukue mchele! Mtu akitoka Ifakara kwenda Dar es Salaam bila ya mchele jamaa zake watamwuliza kama anaumwa. Nasema tu asishangae akifika Mikumi mshale umelala.

Upepo ulikuwa mdai mdogo zamani, kwa sababu njia haikumruhusu mtu kwenda mbio. Sasa mambo yamegeuka. Daraja la mto Kilombero, lenye mita 384, lilizinduliwa Mei 2018, likaitwa Daraja la Magufuli. Na lami ya Kidatu mpaka Ifakara, kilomita 66.9, ilizinduliwa mwaka 2024. Ni neema kubwa, na motokaa zetu zilistahili kunywa kidogo kuliko zamani. Kwa wengine ndivyo ilivyo. Lakini wako wenzetu walioniambia petroli haikupungua hata chembe, nami niliposafiri nao nikaona sababu: palipokuwa mahali pa kwenda 40 sasa wanakwenda 110. Nguvu ya upepo haikui sawasawa na mwendo, bali hukua kwa mraba wake. Anayekwenda 110 hupambana na upepo unaokaribia mara mbili ya ule wa anayekwenda 80. Akiweka na godoro juu ya motokaa, basi amejenga ukuta. Kutoka Mang'ula mpaka Ifakara faida ya 110 ni dakika chache sana, nazo huishia kwenye kijiwe cha kahawa.

Nimeahidi kuitaja lita moja na nusu. Siku zile daraja halijafunguliwa, mtu alingoja pantoni. Alingoja nusu saa, alingoja saa mbili, kwa kadiri ya foleni na maji. Joto la mtoni mnalijua. Motokaa ndogo iliyosimama ikiunguruma hutumia kama nusu lita mpaka lita moja kwa saa, na zaidi kidogo kipoza hewa kikiwashwa. Kilomita hapo ni sifuri. Katika kitabu changu cha safari hapakuwa na safu ya kuandika masaa ya kungoja. Kwa hiyo, kwa ofisi, masaa yale hayakuwako duniani. Dereva aliyevuka na kurudi mara kadha katika mwezi, akiwa na wakubwa ndani ya motokaa wasiopenda jasho, angeimalizaje lita moja na nusu? Angeimaliza upesi, hata zaidi. Kwa hiyo hesabu yake ilitimia, na pengine alikuwa na akiba.

Pantoni imekwisha, lakini kusimama hakujakwisha. Namwona mwenzetu mmoja, naye yumo humu, akiacha motokaa ikiunguruma mbele ya soko kwa robo saa ili kiti kisipate moto. Na zipo safari fupi fupi, Kibaoni mpaka sokoni, sokoni mpaka nyumbani, ambazo injini haijapata joto lake imekwisha zimwa. Safari za namna hiyo hula petroli kuliko zote kwa kila kilomita, nazo ndizo nyingi katika mji kama wetu. Baiskeli bado zinauzwa.

Kuna jambo moja la hatari ambalo sharti niliseme. Wako watu washukao mlima wa Mahenge wakitoa gia, motokaa ikateremka yenyewe, wakidhani wanaokoa petroli. Katika motokaa za zamani zenye kabureta labda ilikuwa na maana kidogo. Katika hizi za leo, ambazo petroli huingizwa kwa mashine ya umeme, ukiinua mguu huku gia imo, petroli hukatwa kabisa. Ukitoa gia, injini hudai petroli isizime. Kwa hiyo yule ashukaye bila gia hutumia zaidi, na tena ameliachia breki peke yake. Petroli aliyotaka kuiokoa haimfikishi po pote kama breki zikichemka.

Sasa nije kwenye mfuko. EWURA hutangaza bei ya kikomo kila mwezi, na bei ya huku kwetu hupita ile ya Dar es Salaam kwa sababu ya uchukuzi. Tangu mwaka 2022 bei ya lita imevuka shilingi 3,000 mara nyingi. Tuifanye 3,000 kamili kwa urahisi wa hesabu. Mwanachama mwenye kwenda kilomita 1,000 kwa mwezi, akiamini ile 18 ya karatasi, atatenga fedha ya lita 55 na nusu, yaani shilingi 167,000 hivi. Motokaa yake kwa kweli ikifanya 12, atahitaji lita 83, yaani shilingi 250,000. Tofauti ni shilingi 83,000 kila mwezi, na makato ya mkopo hayangoji. Nimewaona watatu katika chama hiki ambao motokaa zao zimekaa chini ya mwembe tangu mwezi wa pili wa mkopo. Motokaa zao hazina ubaya wo wote, wala wao si wafujaji. Walipiga hesabu kwa namba ya Japani.

Tena asiyekuwa karibu na kituo hununua petroli ya chupa njiani. Sipendi kuwasema wauzaji, maana nao wanatafuta riziki na wamenisaidia mara nyingi usiku. Lakini chupa haina alama ya kipimo, nayo huitwa lita ikiwa imejaa na lita ikiwa haijajaa. Mtu asiitie petroli ya chupa katika hesabu ya kupima motokaa yake.

Na kupima kwenyewe ni kazi rahisi. Jaza tangi kwenye kituo mpaka bomba likate lenyewe, andika namba ya kilomita. Tumia motokaa kama kawaida yako, usijitie udereva wa mtihani. Ukirudi, jaza kwenye bomba lile lile mpaka likate tena, andika lita na namba mpya. Usiridhike na mara moja, kwa sababu bomba hukata mapema au huchelewa. Fanya mara tatu au nne, ukajumlishe lita zote na kilomita zote, ndipo ugawanye. Fanya wakati wa kiangazi, ukafanye tena wakati wa masika, wala usizichanganye hesabu hizo mbili kama nilivyofanya mimi. Mimi sasa nina motokaa ndogo, nayo karatasi yake pia husema 18. Kiangazi, nikiwa peke yangu katika lami, nikienda 80, imepata kunipa 16. Hapa mjini hunipa 11. Masika iliyopita, ng'ambo ya mto, ilinipa 8 na nusu. Siku niliyoipata ile 8 na nusu niliegesha motokaa kando ya njia nikakaa kitambo.

Yule dereva nilimtafuta. Ilinichukua muda, maana alikuwa amehamia kwa watoto wake. Nilikwenda na karatasi zote mbili, barua yangu ya zamani na hesabu yangu mpya, nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama wale wa ofisi wameisoma ile ya pili. Nikasema nimewapelekea. Akaniuliza wamejibu nini. Nikasema hawajajibu. Akanikaribisha chakula, nikala, naye hakulitaja tena jambo lile.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, ninalo ombo moja la kuletea mkutano, nalo lipigiwe kura hata kama ni usiku. Chama kiandike kwa maofisi yote ya bonde hili kwamba mtumishi asikatwe mshahara kwa ajili ya petroli mpaka motokaa yenyewe imepimwa, katika njia yenyewe na majira yenyewe, mbele ya dereva. Na ya kwamba kitabu cha safari kiongezwe safu mbili, moja ya hali ya njia na moja ya masaa ya kusimama. Nimekwisha piga stensili mfano wa ukurasa huo, nakala 40, nazo ziko mezani kwa mwandishi wa chama. Wenye motokaa zao wachukue nao, wazijaze mpaka mwezi wa sita, wamrudishie. Tutazichapa katika jarida hili, kila motokaa na namba zake, bila ya majina ya wenyewe.

Nakala ya barua yangu ya pili kwa ofisi ile ninayo hapa mfukoni. Atakayetaka kuisoma na anione baada ya maswali.